Harrier ya Mrembo wa Mjini na Breki za 18,000

Mrembo mmoja wa mjini, mwenye wafuasi kibao Insta, Harrier yake ilianza kulia kila akikanyaga breki. Akaipeleka kwa wakala wa magari. Akapewa bei: pedi za mbele na ufundi, 290,000. Akaguna, akaondoka.

Kesho yake huyoo Kariakoo. Winga akamdaka Msimbazi: "Dada'angu, hizi OG kabisa, 18,000 tu." Fundi wa Gerezani akafunga kwa 15,000. Usiku akaposti akiwacheka wanaokwenda kwa wakala.

Wiki tatu baadaye anateremka Jangwani, mwanaye kalala siti ya nyuma, ghafla foleni ikasimama. Akakanyaga breki, gari linakwenda tu, kama halijasikia. Lilisimama kiganja kimoja nyuma ya lori.

Akarudi Gerezani akitetemeka. Safari hii fundi mzee alivua tairi, akamwonesha: pedi feki zimeisha hadi chuma, diski imechimbika. "Mwanangu, ulinunua bei, hukununua breki."

Pedi za maana 55,000, kuchonga diski 30,000, ufundi 20,000. Jumlisha na zile za mwanzo: 138,000. Bado haifiki hata nusu ya bei ya wakala! Kumbe tatizo halikuwa Kariakoo, ni kumwamini winga badala ya fundi.

Siku hizi anaingia dukani na fundi wake, pedi ya zamani mkononi, na risiti anadai. Ile posti kaifuta kimyakimya. Ila mtoto hajasahau. Kila akipanda gari anauliza: "Mama, breki zipo?"