Ulikuwa Unafikiria Nini?

Nikiwa kidato cha tatu, siku ya kufunga shule, tulipanda nganya moja Jogoo Road tukiwa vijana watatu. Viti vilikuwepo. Sisi tukabaki mlangoni, mkono mmoja kwenye chuma, mguu mmoja hewani, kwa sababu kulikuwa na wasichana nyuma wanatucheki. Beste yangu alikuwa ameshikilia ndani kabisa. Nikamcheka: "Wewe ni mwoga, toka nje kidogo." Akatoka. Gari likaruka bampu, akateleza.

Alivunjika mguu.

Mamake alipofika hospitalini akatuuliza lile swali la wazazi wote: "Mlikuwa mnafikiria nini?" Tukanyamaza. Ukweli ni kwamba tulikuwa tunafikiria. Nilijua lami si godoro. Lakini upande mmoja wa mizani kulikuwa na ajali ambayo labda haingetokea, na upande wa pili kuitwa fala, na hiyo ingetokea hapo hapo.

Hii kitu imefanyiwa utafiti. Mwaka wa 2005 huko Marekani, Margo Gardner na Laurence Steinberg waliwapa watu 306 mchezo wa kompyuta wa kuendesha gari. Taa inageuka manjano, unaamua: unasimama ama unazidi kusonga? Wengine walicheza peke yao, wengine wakitazamwa na wenzao. Matineja walipotazamwa, walizidi kuhatarisha gari. Watu wazima hawakubadilika sana.

Hapo nikajiona. Njia hiyo hiyo, nikiwa solo, huwa nakaa dirishani nimetulia kama mzee wa kanisa.

Kwa hivyo wasee, kutuambia tu "mtakufa" haitoshi. Tunajua. Siku hizi kabla sijafanya jambo najiuliza: kama hawa hawangekuwa hapa, ningefanya? Jibu likiwa la, basi huo si uamuzi wangu, ni wao.

Lakini kuna jambo linanisumbua zaidi. Siku ile mimi ndiye nilikuwa mtazamaji. Beste yangu alikuwa ameshaamua vizuri, ameshika ndani, na maneno yangu sita yakamtoa. Mdomo huo huo ungeweza kusema, "Bro, tuingie tukae." Angeingia, najua.

Siku hizi anatembea fiti. Hajawahi kunilaumu hata siku moja. Mamake pia hajui nilisema nini.

Sasa wewe, ukiwa na maboyz wako, huwa unasema nini?