Ziwa ni kijani, lakini kijani gani?

Nimekuwa kimya kwa muda, kazi za wateja zilinibana. Leo tuweke hifadhidata kando, tuongee kuhusu ziwa.

Jirani yangu hapa Nakuru ni dereva wa watalii. Juzi aliniuliza: "Fundi, hizo picha za setilaiti haziwezi kuniambia kama flamingo wana chakula hapa, au niwapeleke wageni Bogoria?" Hilo si swali la mzaha. Tangu mwaka 2010 hivi Ziwa Nakuru limefurika, likafunika lango kuu la zamani la mbuga na nyumba za watu kule Mwariki. Magadi yakazimuliwa, mwani ukapungua, flamingo wengi wakahama. Mgeni akikosa ndege aliolipia kuwaona, dereva ndiye anayekodolewa macho.

Chakula chenyewe ni Arthrospira, ndiyo ile spirulina inayouzwa madukani ikiwa unga. Ina rangi ya bluu inayoitwa fikosianini. Jaribu nyumbani: loweka unga kidogo usiku kucha, acha utuame, kisha mulika yale maji ya juu kwa tochi kali gizani. Mwanga ukipita ndani yake unaona bluu, lakini ukitazama kutoka ubavuni yanang'aa wekundu. Molekuli imemeza mwanga wa nanomita 620 hivi, imekosa wa kumpa, basi inautema kwenye nanomita 645 hivi.

Ndani ya mwani ulio hai, wa kumpa yupo. Molekuli za rangi zimepangwa kwa mamia zikiwa karibu karibu: fikosianini, halafu alofikosianini ya nanomita 650, halafu klorofili. Nishati hupokezwa kama kijiti cha mbio, ikiteremka ngazi kwa ngazi, na zaidi ya asilimia 90 hufika. Theodor Förster alieleza hesabu yake mwaka 1948: umbali kati ya molekuli mbili ukiongezeka mara mbili, kasi ya kupokezana hushuka mara 64. Ndiyo maana unga uliovunjikavunjika majini unang'aa ovyo, ilhali mwani mzima hutupa kidogo tu.

Sasa turudi kwa jirani. Mwanga uliomezwa haurudi angani, kwa hiyo ziwa lenye rangi hii huacha shimo kwenye nanomita 620. Setilaiti za Sentinel-3 zina mkanda wa kupima hapo hapo, na data zake ni za bure. Nimeandika kijiprogramu kinacholinganisha mkanda huo na mikanda ya jirani zake. Mwani wa kijani wa kawaida hauna fikosianini, hivyo hauachi shimo hilo, hata kama kwa macho yetu ziwa linapendeza.

Nilimweleza dereva mipaka yake pia. Pikseli moja ni mita 300, na sianobakteria wengine wasioliwa na flamingo wana rangi hiyo hiyo. Shimo lisipokuwepo, aende Bogoria bila kusita. Likiwepo, bado tunahitaji tone la maji na hadubini kabla ya kumwahidi mgeni chochote.

Akaniuliza hadubini ni pesa ngapi. Tunachanga. Msimbo nitauweka hapa nikishausafisha.