Funguo za Petro

Katika maktaba ya chuo cha ualimu nilikosomea mlikuwa na kitabu cha sanaa ya Ulaya chenye picha ambayo sijaisahau: Mtakatifu Petro akitubu, kazi ya Jusepe de Ribera, Mhispania aliyeishi Naples. Aliichora mwaka 1621 juu ya bamba la shaba, ikachapwa kwa wino. Mzee amepiga magoti penye mawe, amefumbata mikono, macho ameyainua juu. Kando yake zimelala funguo.

Wakati ule nilidhani alama za watakatifu ni kama majina juu ya madaftari. Simba ni Yeronimo, gurudumu ni Katarina, funguo ni Petro. Ukiiona alama umemjua mtu, basi. Hata darasani nilifundisha hivyo.

Baadaye nilisoma juu ya Mtaguso wa Trento (1545–1563), uliotetea sakramenti ya kitubio ambayo Waprotestanti waliipinga. Ndiyo maana wachoraji Wakatoliki wa zama hizo walimpenda Petro anayelia: alimkana Bwana wake mara tatu, lakini akasamehewa. Funguo ni mamlaka ya kufunga na kufungua. Machozi yanatukumbusha kwamba aliyepewa kuwafungulia wengine alihitaji kwanza kufunguliwa yeye.

Nami nilikabidhiwa funguo, za ofisi na za stoo, nilipokuwa mwalimu mkuu. Mwaka mmoja fedha za shule zilionekana pungufu. Mkaguzi aliniuliza kama nilimruhusu mwalimu wa stoo kuzitumia kununulia wanafunzi mahindi. Nilikuwa nimemruhusu, kwa mdomo tu, bila maandishi. Nikajibu, "Sikumbuki." Mwenzangu alishushwa cheo, akahamishwa mbali.

Nilipostaafu nilifunga safari kwenda kwake. Nikakuta amekwisha fariki. Mjane wake alinikaribisha, akanipa kiti, nikamweleza ukweli wote. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Marehemu alisema utakuja, Mwalimu. Ila umechelewa."

Sikuwa na la kujibu.

Sasa nikiikumbuka picha ile, sitazami tena funguo ili nimjue mwenyewe ni nani. Natazama mahali zilipo. Ribera angeweza kuzitia mkononi mwa Petro, kama ilivyozoeleka. Lakini mikono ile imeshikana yenyewe kwa yenyewe, inaomba. Mtu hawezi kufumbata mikono hivyo huku ameng'ang'ania funguo.