Mweleze fundi ukweli: somo nililolipata kwenye kibanda cha kompyuta Gungu

Leo tuweke jembe pembeni kidogo. Wengi wenu siku hizi mnatunza hesabu za kikundi, mauzo ya mawese au ya dagaa kwenye kompyuta, na ikiharibika mnakimbilia kwa fundi. Nataka nikueleze yanayotokea upande wa pili wa meza yake, maana na mimi nimewahi kukaa hapo.

Nilipomaliza stashahada ya kilimo nilisubiri ajira zaidi ya mwaka. Kaka yangu alikuwa na kibanda cha kutengeneza kompyuta na simu hapa Gungu, nikawa msaidizi wake. Kufungua mashine nilijifunza kwa wiki chache. Kuongea na mteja sikujifunza mpaka nilipokuwa nimeshaondoka.

Kuna mteja anayekubali bei, akija kuchukua analalamika: "Yaani kukaza skrubu mbili tu ndiyo elfu ishirini?" Hajui kwamba kuitafuta hiyo skrubu kulikula siku nzima. Kuna anayepiga simu kila nusu saa. Kuna anayeitelekeza mashine miezi sita, akirudi anadai tumembadilishia kifaa. Na kuna ndugu wa ukoo, ambaye malipo yake ni "tutaonana."

Hayo tulizoea. Lililotushinda ni jibu moja: "Sijaifanya chochote, imezima yenyewe." Mashine inanuka chai, lakini imezima yenyewe! Wakati mwingine ilikuwa kweli. Miaka hiyo umeme wa mji wetu ulitoka kwenye majenereta ya dizeli. Ulikatika na kurudi kwa kishindo, ukaunguza chaja na vifaa vya ndani. Kwa hiyo lawama ya umeme ilikuwa rahisi kuaminika.

Siku moja alikuja mama mmoja, mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa cha akina mama wauza dagaa. Kompyuta ilikuwa inawaka halafu inagoma. Nikamuuliza kwa ukali niliouzoea: "Mama, umeifanya nini hii?"

Akajibu haraka: "Sijaifanya chochote mwanangu, ni umeme tu."

Nikabadilisha chaja, nikaiwasha. Ikagoma. Nikaiwasha tena, na tena. Mara ya nne, kibanda kilipotulia, nikasikia ndani yake: tik, tik, tik.

Huo ni mlio wa diski iliyoumia, na diski ndiyo inayotunza kumbukumbu zote. Diski ya aina ile ina sahani zinazozunguka kwa kasi, na kichwa kinachosoma karibu kabisa na sahani bila kuzigusa. Mashine ikianguka, kichwa kinaweza kuzigusa na kuzikwaruza. Kila ukiwasha, unakwaruza zaidi. Kaka aliizima papo hapo, lakini tulikuwa tumechelewa. Hesabu za miezi minane zilipotea.

Yule mama akakaa kwenye benchi akalia. Ndipo akasema mtoto wake aliiangusha kutoka mezani. Alificha kwa sababu aliogopa tungemwona mzembe na kumpandishia bei. Kikundi kilikusanya upya hesabu kwa kuulizana mmoja mmoja. Wanachama wawili waliyakana madeni yao, naye akafidia kwa mtaji wake wa dagaa.

Nilimlaumu kwa muda mrefu. Lakini nami nilikuwa na sehemu yangu. Nilimuuliza kama askari, na mtu akiulizwa kama mshtakiwa atajitetea.

Sasa nikiwa shambani nakutana na jibu lile lile. Mkulima wa michikichi ananiambia miche yake ni Tenera halisi, kumbe aliotesha mbegu alizookota chini ya mti wa jirani. Mbegu za kuokota hazitoi Tenera tupu, na utagundua baada ya miaka mitatu au minne ya palizi. Siku hizi siulizi "umefanya nini?" Nasema: "Mzee, hebu tuanze mwanzo, miche hii ilitoka wapi?" Ukweli unakuja wenyewe.

Kwa hiyo ndugu yangu, ukipeleka kompyuta kwa fundi, zingatia haya:

1. Mwambie kama imeanguka, imemwagikiwa au imefunguliwa na mwingine. Haya ya dakika moja ni nafuu kuliko hasara.
2. Ikianguka ikaanza kugongagonga, izime na usiiwashe tena. Ikimwagikiwa maji au chai, chomoa umeme, toa betri kama inatoka, na usijaribu "kuona kama inawaka."
3. Mwambie kabla kama ndani kuna hesabu usizo nazo kwingine.
4. Kubalianeni bei ya kuikagua, bei ya kuitengeneza na siku ya kuichukua. Andikeni.
5. Kila mwisho wa wiki nakili hesabu kwenye flashi na uitunze mbali na kompyuta. Daftari la karatasi usilitupe.

Na wewe fundi, au mwenye duka la pembejeo unayesoma hapa, mteja anayekudanganya mara nyingi anakuogopa. Mpe kiti kwanza, halafu muulize taratibu.

Yule mama bado namwona sokoni. Ananiita bwana shamba, tunasalimiana vizuri, na hesabu za kikundi sasa ziko kwenye daftari mbili.