Jeraha Dogo la Kiwiko na Goti



Katika viungo alivyotujaalia Mwenyezi Mungu, viwili aghalabu hatuvikumbuki mpaka vituume, navyo ni kiwiko na goti. Hali Mwislamu hana siku ipitayo bila ya kuvihitaji. Udhu hautimii mpaka maji yafike kwenye viwiko, na magoti mawili yamo katika viungo saba vinavyosujudu. Mwanafunzi huegemea kiwiko anapodurusu, mama hupiga magoti anaposugua sakafu, fundi wa vigae hushinda kutwa juu ya magoti yake, na mtoto aangukapo, mara nyingi hivyo ndivyo vitanguliavyo kufika chini. Leo tumependa kuzungumza juu ya jeraha la mahali hapo, kwani katika muda wa mwaka mmoja tumeliona mara mbili katika jamaa zetu. Mara moja lilitibiwa kwa kisu na mara moja bila ya kisu, na mara zote mbili watu wa nyumbani walitaka kinyume cha lililofaa.

Kwanza yatupasa tufahamu kilichomo chini ya ngozi. Mahali ambapo ngozi hupita juu ya mfupa uliochomoza, Mola ameweka kifuko chembamba chenye ute kidogo, ili ngozi iteleze bila ya kusuguliwa na mfupa. Vifuko vya namna hii mwilini mwetu ni zaidi ya 100. Kimoja kipo nyuma ya kiwiko, juu ya ncha ya mfupa, na kingine kipo mbele ya pia ya goti. Katika hali ya kawaida vifuko hivi viwili havina mlango wa kuingia ndani ya kiungo chenyewe, na kikiwa kizima, mwenye nacho hata hajui kuwa anacho. Walakini ngozi ya hapo ni nyembamba na mafuta yake ni haba, basi pigo hukifikia kifuko upesi. Pigo lisilopasua ngozi hukijaza damu au maji, pakavimba mfano wa yai. Na pigo lipasualo ngozi huweza kukifungua kifuko, na mchanga na vijidudu vikapata nyumba ya kukaa.

Mgonjwa wetu wa kwanza alikuwa kijana wa miaka 17, mtoto wa ndugu yetu. Alianguka na pikipiki jioni katika barabara ya kokoto, akaangukia kiwiko cha kulia. Kidonda hakikuzidi upana wa ukucha wa kidole gumba. Wenzake wakamchukua mpaka duka moja la dawa lililokuwa karibu, na hapo akashonwa nyuzi tatu pasipo kidonda kuoshwa kwa ndani, akapewa vidonge vya maumivu, akarudi nyumbani. Bibi yake alipokiona akacheka, akasema, "Mjukuu wangu, ndicho kidonda hiki? Babu zako walijikata kwa mapanga shambani, wakatia majivu, wakapona." Nyumba nzima ikatulia.

Siku ya tatu kiwiko kilikuwa chekundu na cha moto, kimevimba hata mkono wa kanzu haupiti, na usiku homa ikampanda. Ndipo tulipoitwa. Tulimkuta baba yake amekaa kibarazani, hana la kufanya. Akatuambia, "Kaka, tukimpeleka hospitali watampasua. Na mkono huu ndio wa kuandikia, mwakani ana mtihani. Akilemaa nitamjibu nini mama yake?" Hatukumlaumu, kwani hofu ya mzazi ina haki yake. Tukamwambia kuwa kulemaa kunakotokana na kungoja ni kulemaa vilevile, na tukaondoka naye usiku ule ule.

Daktari mpasuaji aliyetupokea alikuwa mtu wa makamo, mwenye subira. Kabla ya kutaja kisu alimwambia kijana akunje na kukunjua mkono polepole. Alipoona kuwa aweza kuukunjua ingawa kwa maumivu, akasema kuwa hiyo ni dalili njema, kwani usaha ukiwa umeingia ndani ya kiungo, mgonjwa huwa havumilii hata kuutikisa. Kisha akaagiza picha ya eksirei. Mfupa haukuvunjika, lakini chini ya ngozi palionekana vipande viwili vidogo kama punje za mchele. Ni kokoto zilizoshonewa ndani.

Ndugu yetu akauliza maswali mawili ambayo kila mzazi yampasa kuyauliza. La kwanza: je, hapana dawa ya kumeza itakayotosha? Daktari akajibu kuwa usaha wa kifuko peke yake mara nyingine hupona kwa dawa za kuua vijidudu na kwa kunyonywa kwa sindano safi, wala si kila kifuko chenye usaha hupasuliwa. Lakini dawa haiondoi jiwe, na jiwe likibaki, usaha hurudi. Na la pili: je, mkono utapona sawasawa? Akajibu kuwa kiungo chenyewe hakitaguswa, na kwamba kifuko kikitolewa, mwili aghalabu hujitengenezea kingine baada ya muda. Lakini hakuficha kuwa ngozi ya kiwiko ni nzito kupona, kwa kuwa ni nyembamba na kila mkono ukunjwapo huvutwa. Ndugu yetu akatia sahihi.

Kijana alitiwa ganzi ya mkono mzima. Nyuzi zile tatu zikafunguliwa, jeraha likapanuliwa, kokoto zikatolewa, na nyama iliyokufa ikakatwa. Kifuko kilikuwa kimeoza kwa usaha, basi kikatolewa chote. Mahali pote pakaoshwa kwa maji mengi ya chumvi yaliyosafishwa, ukaachwa mrija mdogo wa kutoa damu na maji, ngozi ikafungwa, na mkono ukatiwa banzi ili usikunjwe mpaka ngozi ishikane. Akapewa dawa za kuua vijidudu na sindano ya kukinga pepopunda. Usaha ulipopimwa, alipatikana mdudu aitwaye stafilokokasi, naye ndiye asababishaye usaha wa vifuko hivi katika wagonjwa wapatao 8 kati ya 10. Baada ya wiki mbili nyuzi zikatolewa. Leo anaandika kwa mkono ule ule, na mtihani ameufanya.

Tulimwuliza daktari: lau angaliletwa siku ile ile ya kuanguka, ingalikuwaje? Akasema kuwa hata hivyo jeraha lingalitazamwa kwa ndani, kwani kidonda cha mahali hapo hakijulikani kina chake kwa kutazamwa juu. Lakini kifuko kilichopasuka upya na kuoshwa barabara, mara nyingi huweza kuachwa mahali pake. Katika jambo hili waganga wenyewe hawana rai moja. Katika nchi za Ulaya zinazosema Kijerumani, wapasuaji wengi wamezoea kukitoa kifuko kilichofunguka, ilhali katika nchi nyingine hupendelea kukihifadhi. Hata namna ya kupasua hupimwa upya. Mwaka 2017 waganga wa Geneva, nchini Uswisi, walitangaza matokeo ya wagonjwa 164 waliotolewa vifuko vyenye usaha vya kiwiko na goti. Baadhi yao walifungwa kidonda siku ile ile, na wengine kidonda kiliachwa wazi kikafungwa baadaye. Ilionekana kuwa kufunga siku moja hakukuwa na hatari zaidi. Faida yake ni dhahiri: mgonjwa huingia chumba cha upasuaji mara moja badala ya mbili.

Mgonjwa wetu wa pili alikuwa dada yetu, mama wa watu wazima. Aliteleza katika ngazi yenye maji, goti likapiga ukingo wa saruji. Ngozi haikupasuka, lakini jioni mbele ya goti palivimba mfano wa chungwa. Hapa wanawe hawakutaka kungoja hata kidogo. Mmoja alisema, "Mjomba, sisi tumejifunza kwa yule wa kiwiko. Mama apasuliwe leo." Mwingine alikwisha kumpata mtu wa mtaani aliyeahidi kuyanyonya maji yale kwa sindano, pale pale sebuleni. Tulimkataza, tukampeleka mama hospitali.

Huko alitazamwa kwa makini. Hakuwa na homa, goti halikuwa na moto, aliweza kuuinua mguu ukiwa umenyooka, na eksirei haikuonyesha mfupa uliovunjika. Daktari akasema, "Hapa kisu hakina kazi." Akaeleza kuwa damu iliyokusanyika ndani ya ngozi nzima aghalabu hunywewa na mwili wenyewe, na kwamba kuipasua ngozi hiyo bila ya haja ni kuwafungulia vijidudu mlango uliokuwa umefungwa. Na sindano ya sebuleni ndio mlango wenyewe. Alimfunga bandeji ya kubana kiasi, akamwagiza aweke barafu iliyofungwa katika kitambaa, aupumzishe mguu, asipige magoti mpaka uvimbe uishe. Na lau uvimbe ungalikaa miezi au kujaa tena na tena, hapo ndipo pangalifikiriwa kunyonya kwa sindano safi hospitalini, au kukitoa kifuko, ama kwa kupasua, ama kwa tundu dogo lipitishwalo mrija wenye kamera. Wiki ya sita goti lilikuwa sawa na mwenziwe.

Dada yetu hakulia kwa maumivu, alilia kwa sijda. Alisema tangu utoto wake hakupata kuswali bila ya kuweka magoti chini. Tukamwendea Sheikh wa msikiti wetu, naye akamkumbusha mafundisho ya Mtume (s.a.w.) kuwa asiyeweza kusimama aswali kwa kukaa, na asiyeweza kukaa aswali kwa ubavu. Basi naye akaswali juu ya kiti, akiinama kwa rukuu na kuinama zaidi kwa sijda. Na yule kijana mwenye banzi la kiwiko alifundishwa kuosha panapooshwa, na juu ya banzi apitishe mkono uliolowa, kama walivyoruhusu wengi wa wanazuoni. Dini yetu haikumtaka mgonjwa afungue jeraha lake ili athibitishe ucha Mungu wake.

Tumesikia pia wazee wakisema kuwa kupasuliwa ni mambo ya kigeni. La, sivyo. Abul-Qasim az-Zahrawi wa Andalusia, aliyefariki yapata mwaka 1013, aliandika kitabu cha tiba chenye sehemu 30, na sehemu ya mwisho ikawa ni ya upasuaji, pamoja na picha za vyombo vyake. Kikafasiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12, na wapasuaji wa Ulaya wakakisoma kwa karne nyingi. Kisu cha tiba ni katika urithi wetu pia. Lililobaki ni kujua wakati wake.

Basi, enyi wazazi na vijana, kidonda cha kiwiko au goti tukitendee hivi. Damu izuiwe kwa kukandamiza kitambaa safi. Mchanga uoshwe kwa maji safi yanayotiririka, kisha jeraha lifunikwe. Lisitiwe majivu, wala unga wa kahawa, wala dawa ya meno, wala mafuta ya taa. Lisishonwe kabla ya kuoshwa kwa ndani, na mgonjwa au mzazi ana haki ya kumwuliza mshonaji, "Je, umeliosha ndani?" Afike hospitali siku ile ile, hata kama kidonda ni kidogo. Na akiwa na kisukari tusingoje hata saa moja zaidi, kwani vidonda vyake huharibika upesi. Kama ngozi ni nzima, tupumzishe, tufunge, tuweke barafu, wala tusitoboe. Lakini tukiona wekundu unaoenea, moto, homa, usaha, au maumivu makali kila kiungo kitikiswapo, tusilale tukingoja asubuhi.

Wenye kazi za kupiga magoti wavae vikinga magoti au waweke mto, na waendesha baiskeli na pikipiki wavae vya kukinga viwiko. Kujikinga si kukosa kutawakali. Mtume (s.a.w.) alimfundisha mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha amtegemee Mungu.

Nyumba mbili tulizozitaja zilitaka kinyume cha lililofaa kwa sababu moja: kila moja iliukadiria ugonjwa kwa macho, moja kwa udogo wa kidonda na nyingine kwa ukubwa wa uvimbe. Ukubwa wa jeraha la mahali hapo haupimwi kwa macho. Hupimwa kwa kujua kama ngozi imefunguka na kama kuna kilichoingia, na kupima huko ni kazi ya aliyesomea.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape waganga wetu mikono myepesi na nia safi, na atujaalie magoti yetu yasujudu kwa afya mpaka siku ya kukutana naye. Amin.