Sweta la Gogo halina nyaraka

Najua nimekuwa kimya. Mara ya mwisho niliwaahidi makala kuhusu hifadhidata. Itakuja, msijali. Leo ngoja niwaambie nilikokuwa. Nilikuwa nyumbani Kipkelion, jikoni kwa Gogo, nafuma sweta.

Ndiyo, sweta. Mimi mwenyewe, mwanamume wa miaka 28 mwenye digrii ya sayansi ya kompyuta. Mchana naandika programu za wateja, mtandao ukikubali. Jioni nashika sindano mbili na bonge la uzi. Vijana wa bodaboda wameshanicheka wakachoka.

Kwa wasioijua Kipkelion: ni mji mdogo wa Kaunti ya Kericho, kwenye reli ya zamani ya Kisumu iliyokamilika mwaka 1901. Enzi hizo stesheni yetu iliitwa Lumbwa. Mwezi wa saba baridi ya hapa haina utani. Mtoto akizaliwa, kitu cha kwanza watu kuuliza ni kama ana sweta.

Kwetu jibu lilikuwa moja tu: Gogo anafuma. Kila mjukuu alipata sweta lenye misuko mbele, ile inayofanana na nywele zilizosukwa, na hakuna sweta lililofumwa kwa kuangalia karatasi. Alijifunza akiwa msichana, kwa spoku za baiskeli zilizonolewa kwenye jiwe, na yote yalibaki mikononi mwake.

Sasa mikono hiyo imekakamaa. Viungo vinamuuma na vidole havikunji tena. Dada yangu alipotuambia ana mimba, Gogo alifurahi sana, kisha akaiangalia mikono yake akanyamaza. Hakuna aliyesema kitu. Usiku nililala nikifikiria kwamba tuna mfumo ambao umefanya kazi miaka hamsini, mtu mmoja tu ndiye anayeujua, na haujaandikwa popote. Kazini tukikuta hali hiyo huwa tunaita mkutano wa dharura.

Asubuhi nikamwambia, "Gogo, nifundishe."

Akacheka. Kisha akaona sicheki.

Vitanzi viwili tu

Jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba kufuma kuna vitanzi vya aina mbili tu. Kuna cha mbele, ambapo uzi unavutwa kuja upande wako, na cha nyuma, ambapo unasukumwa kwenda upande wa pili. Mengine yote ni mpangilio wa hivyo viwili. Sifuri na moja, jamani! Hata neno kitanzi tunalitumia kwenye programu, kwa amri inayojirudia.

Halafu kuna lugha yenyewe. Neno letu la *mfumo*, hili tunalotumia kila siku kwa mifumo ya kompyuta, limetoka kwenye *kufuma*. Na ukitaka kurudisha kazi nyuma unasema *kufumua*, kama funga na fungua, ziba na zibua. Kiswahili kilikuwa na kitufe cha kutengua kabla ya kompyuta yoyote.

Undugu huu una historia pia. Mwaka 1804 Mfaransa Joseph Marie Jacquard alitumia kadi zenye matundu kuongoza mtambo wa kufuma vitambaa vya hariri. Charles Babbage wa Uingereza aliliazima wazo hilo kwa mashine yake ya hesabu. Na vyombo vya Apollo vilivyokwenda mwezini vilibeba programu iliyofumwa kwa mikono. Wanawake kiwandani walipitisha nyaya kwenye vipete vya sumaku. Waya ukipita ndani ya kipete ni moja, ukipita nje ni sifuri. Kwa hiyo mtu akiniambia kufuma si kazi ya mhandisi, huanzia hapo.

Uzi wa mitumba

Uzi mwingi madukani ni akriliki. Ni wa bei nafuu na unafulika vizuri, lakini nilitaka sufu halisi kwa mtoto. Gogo akanituma sokoni Kericho kununua sweta kuukuu la mitumba, nikalifumue nipate uzi.

Kuna kanuni mbili. Kwanza, geuza sweta uangalie mshono wa ubavuni. Ukiona kingo zimekatwa na kushonwa kwa mashine ya kuzuia nyuzi zisichomoke, liache, maana kila safu itakutokea kipande kifupi. Tafuta lile ambalo kingo zake hazikukatwa. Pili, ukishalinunua, chomoa uzi kidogo uuchome. Sufu inanuka kama nywele zilizoungua na inabaki jivu la kusagika. Akriliki inayeyuka na kuacha punje ngumu. (Msifanyie jaribio hili kibandani kwa muuzaji, tafadhali.)

Uzi uliofumuliwa unatoka umejikunja kama tambi. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne, uuoshe kwa maji ya vuguvugu, kisha uutundike ukauke. Unanyooka. Sweta moja la mtu mzima lilinipa uzi wa kutosha masweta mawili ya mtoto. Ilikuwa bahati, kama mtakavyoona.

Hesabu iliyonidanganya

Nilifuma kipande cha kujaribia kwa sindano za milimita 4, vitanzi vya kawaida, nikapima. Vitanzi 22 kwa sentimita 10. Nilitaka kifua cha mbele kiwe sentimita 28, mtoto akue nalo. Hesabu ni rahisi: 22 mara 28 gawanya kwa 10, karibu 62. Mchoro wa Gogo una msuko wa vitanzi 6 na nafasi ya vitanzi 2, jumla 8. Nane mara saba ni 56, ongeza msuko wa mwisho wa 6, unapata 62 kamili. Nikaandika kijiprogramu cha mistari arobaini cha kunipigia hesabu hizo kwa saizi yoyote, nikajiona bingwa.

Baada ya wiki mbili kipande cha mbele kilikuwa na upana wa sentimita 22. Sweta la mwanasesere!

Gogo alikivuta huku na huku akasema, "Misuko inakula kitambaa. Hukujua?"

Sikujua. Vitanzi vikipandana vinavuta kitambaa kijibane. Mimi nilijaribia mahali pasipo na msuko, halafu nikaenda kutumia majibu penye misuko. Ni kosa lile lile la kujaribu programu kwenye kompyuta yako na kuipeleka kwa wateja bila kuijaribu kwenye mazingira yao. Nilifuma kipande kingine, safari hii chenye misuko, nikapata vitanzi 28 kwa sentimita 10. Hesabu mpya ikawa vitanzi 78, yaani nane mara tisa, ongeza sita. Nikafumua yote, nikaanza upya.

Huu hapa mchoro wenyewe. M ni kitanzi cha mbele, N ni cha nyuma:

Safu ya 1 na 3: M6, N2, rudia, malizia M6.
Safu ya 2, 4 na 6: N6, M2, rudia, malizia N6.
Safu ya 5: pindisha msuko, N2, rudia, malizia kwa msuko.
Kisha rudi safu ya 1.

Kupindisha msuko ni hivi. Weka vitanzi 3 vya kwanza kwenye kijisindano cha tatu, kiache mbele ya kazi. Fuma M3 zinazofuata. Kisha fuma zile 3 zilizokuwa zinasubiri. Waandishi wa programu mmeshaona, sivyo? Ni kubadilishana thamani za vigeu viwili kwa kutumia kigeu cha tatu cha muda. Kigeu cha muda cha Gogo ni kipande cha spoku ya baiskeli. Amenipa.

Kufumua

Shingo ndiyo iliyonishinda. Gogo alinieleza mara tatu, na mara zote tatu maelezo yalitofautiana. Hakuwa anadanganya. Mikono yake ilijua, mdomo wake haukuwahi kuhitaji kujua.

Sweta lake la mwisho lililobaki ni langu, alilonifumia nilipozaliwa. Mama alikuwa amelihifadhi ndani ya sanduku. Gogo akalishika akasema, "Fumua shingo. Utaona."

Nikakataa. Hakukuwa na nakala nyingine ya sweta lile duniani, na mikono iliyolitengeneza haiwezi kulirudia.

Akasema, "Mjukuu wangu, uzi haufi kwa kufumuliwa. Ukilirudisha sandukuni, huyo mtoto atavaa nini?"

Nilipiga picha kila upande. Kisha nikakata fundo, nikafumua polepole, kitanzi baada ya kitanzi, nikiandika kila kimoja kinyumenyume daftarini. Ilinichukua jioni mbili. Nikiisoma orodha ile kutoka mwisho kwenda mwanzo, shingo nzima ilikuwa hapo.

Karibu na bega la kushoto nilikuta msuko mmoja umepinda upande usio wake. Nilidhani nimegundua siri ya ufundi. Nikamwonyesha.

Aliupapasa kwa kidole gumba muda mrefu. "Hapo ulikuwa unalia," akasema. "Niliinuka kukubeba. Niliporudi nikasahau nilipofikia."

Basi. Hakuna cha kuongeza hapo.

Mtoto amezaliwa, ni msichana, na sweta linamtosha na nafasi ya kukulia. Lina makosa mawili, yote yangu. La Gogo sikulinakili. Lile ni la siku yake na mimi. Shingo ya sweta langu nimeifuma upya kwa uzi ule ule, nalo limerudi sandukuni, safari hii pamoja na daftari. Mchoro wote pia nimeuhifadhi mahali pengine pawili, kama inavyotakiwa.

Jana nilimsomea Gogo maelezo yote kwa sauti, safu kwa safu, nikitafsiri kwa Kipsigis. Alifumba macho, vidole vyake vikitikisika kidogo juu ya magoti. Nilipofika safu ya mwisho ya shingo alinisimamisha.

"Hapo umeruka kitanzi."

Nikaangalia daftari. Kweli, nilikuwa nimeruka.

Haya, wiki ijayo hifadhidata.