Mchi wa Onta

Wageni wengi nchini Japani huishia Tokyo na Kyoto. Anayeziacha njia kuu akapanda milima ya Hita, kisiwani Kyushu, huisikia Onta kabla ya kuiona. Magogo yaliyochongwa mwisho mmoja mithili ya kata hujaa maji ya kijito, yakainama, yakayamwaga, kisha mchi ulio upande wa pili ukaanguka kuutwanga udongo. Usiku na mchana hayanyamazi.

Ufinyanzi huu ulianza mwaka wa 1705. Familia zipatazo kumi huchimba udongo kwa pamoja na kugawana. Hakuna atiaye jina lake kwenye chungu. Jina ni la kijiji. Yanagi Soetsu, aliyefika mwaka wa 1931, aliusifu uzuri huo usiojigamba.

Udongo hutwangwa kwa wiki kadhaa. Je, mashine isingeimaliza kazi hiyo kwa siku moja? Ingeimaliza, ila kijito ndicho kinachompimia kila mfinyanzi kiasi chake, asimpiku jirani. Ndiyo maana mafuriko ya Julai 2017 yalipoiharibu michi hiyo, iliundwa upya kwa magogo.

Mgeni hushuka na bakuli lisilo na jina la mtu. Mwacha mila ni mtumwa. Waungwana wa Onta wangali wakitwanga.